Mazoea ya zamani na mazoea ya sasa katika Kiingereza: ni lini tuandike "used to"?

Mwenyeji wa Materuni, Moshi Vijijini

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba msaada wenu katika jambo la lugha ambalo limetugawa mimi na wenzangu, na ambalo tungependa kulimaliza kabla wageni wa msimu ujao hawajaanza kufika.

Sisi ni kikundi cha vijana wa kijijini tunaowapokea wageni na kuwatembeza kwenye vihamba vya kahawa, yaani mashamba ya familia, kuanzia kwenye mibuni yenyewe, kupitia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, mpaka jikoni ambako kahawa hutwangwa, hupepetwa, hukaangwa na kunywewa hapo hapo. Mpaka sasa kila mmoja amekuwa akieleza kwa Kiingereza chake, na maelezo yanatofautiana kiasi kwamba wageni wawili waliopita siku tofauti wanaweza kuondoka na habari mbili zinazopingana. Kwa sababu hiyo tumeamua kuandika maelezo ya pamoja, ukurasa mmoja au miwili, ambayo kila mwenyeji mpya atajifunza na ambayo mgeni anaweza kuyasoma mwenyewe akipenda.

Tatizo ni kwamba karibu kila kitu tunachotaka kusema kinahusu tendo linalorudiwa. Kuna mambo tunayoyafanya mpaka leo, kama vile kuchuma tunda jekundu tu na kuliacha la kijani. Kuna mambo waliyoyafanya babu na bibi zetu ambayo yamekwisha, kama vile kubeba magunia kwa miguu kuteremka nayo mjini. Halafu kuna mambo yaliyoanza zamani na hayajakoma, maana familia nyingi za hapa zimelima kahawa kwa vizazi kadhaa. Katika Kiswahili sioni ugumu wowote: tutasema "huchuma", tutasema "walikuwa wakibeba", tutasema "wamekuwa wakilima", na msikilizaji ataelewa.

Katika Kiingereza tumekwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Mwenzetu mmoja ameandika "We use to pick only the red cherries". Wa pili akaongeza herufi na kuifanya "We used to pick". Wa tatu anashikilia kwamba zote mbili si sahihi na iwe "We are picking". Mzee mmoja wa hapa, ambaye alisoma zamani na Kiingereza chake tunakiheshimu, ametazama karatasi akasema tuandike "We pick" na tusiongeze kitu. Wengi wetu tumeona kwamba "We pick" ni fupi mno, kana kwamba haibebi maana ya mazoea hata kidogo, kwa kuwa haina chochote kinacholingana na "hu-" yetu.

Swali langu la pili ni kuhusu "would". Nimekutana na maelezo ya Kiingereza yaliyosimulia maisha ya zamani kwa "they would walk", "they would carry", ilhali mimi nilifundishwa kwamba "would" ni "ningefanya". Je, ni neno lile lile? Na kama ndivyo, tunaweza kulitumia kwa habari za babu zetu bila kuonekana kwamba tunasimulia jambo ambalo halikutokea?

Mwalimu wa Njiro, Arusha

Ndugu Mwenyeji, mzee wenu yuko sahihi, na ningependa nieleze kwa nini, kwa sababu mkiielewa sababu yenyewe mtaweza kuandika sentensi nyingine zote bila kumuuliza mtu.

Kiswahili kina alama ya mazoea. Tukisema "sisi huchuma", kiambishi "hu-" hakitaji nafsi wala hakitenganishi jana na leo, bali kinatangaza tu kwamba tendo ni la kawaida. Tuna pia "huwa", ambayo hutangulia hata kitenzi kilichokanushwa, kama katika "huwa hatuchumi mabichi", na katika mazungumzo ya huku kwetu tuna ile "-ga" ya mwishoni, "tunachumaga", "anakujaga", ambayo haikubaliwi katika maandishi sanifu lakini hakuna mtu wa Arusha wala Moshi asiyeijua. Mtu aliyekulia katika lugha yenye utajiri huo, anapoandika Kiingereza, hutafuta neno litakalofanya kazi ile ile. Neno analokutana nalo ni "used to", kwa kuwa linafundishwa chini ya kichwa cha mazoea, naye analichukua kama "huwa". Hapo ndipo "We use to pick" inapozaliwa. Nimeiona katika madaftari ya wanafunzi, katika barua za kuomba kazi na katika mabango ya wageni, na wanaoiandika si watu wavivu. Wanatafuta kwa uaminifu alama ambayo Kiingereza hakina.

Katika wakati uliopo, kitenzi cha Kiingereza kikiachwa bila "am", "is" wala "are", chenyewe ndicho kinachobeba mazoea. "We pick only the red cherries" haimwambii mgeni kwamba mnachuma dakika hii. Inamwambia kwamba huo ndio utaratibu wenu, mwaka huu na mwaka ujao, hata kama leo hakuna aliyeshika kikapu. Jina la "wakati uliopo" ndilo linalowapoteza watu wengi, maana wanatarajia tendo linaloonekana kwa macho, kumbe tendo linaloonekana kwa macho lina umbo lake jingine, "We are picking". Kwa Kiswahili "tunachuma" moja inatosha kwa yote mawili, nasi tunaachia mazingira yaamue. Kiingereza hakiachii mazingira. Kinakulazimisha uchague kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo pengo mliloliona katika "We pick" halipo. Mkitaka kusema ni mara ngapi, ongezeni kielezi, na hapo angalieni nafasi yake: "always", "usually", "often" na "never" hukaa kabla ya kitenzi kikuu, lakini hukaa baada ya "is" au "are". Mtaandika "We always pick by hand", na mtaandika "The best cherries are always red". Maneno marefu kama "every morning" au "twice a week" huwekwa mwishoni mwa sentensi au mwanzoni kabisa, si katikati. Kuhusu "never" nitoe tahadhari moja. Kwetu "kamwe" hutaka kitenzi kikanushwe, "kamwe hatuchumi", na kwa hiyo wengine huandika "We never don't pick". Katika Kiingereza "never" imekwisha kukanusha peke yake, na "We never pick green cherries" inatosha. Msiisahau pia "s" ya nafsi ya tatu umoja, kwa sababu maelezo ya mazoea yamejaa sentensi zake: "the farmer picks", "the skin comes off", "the water flows".

Sasa nije kwenye "used to" yenyewe. Hii ni ya mazoea au hali ya wakati uliopita, na kwa kawaida hubeba ujumbe kwamba mambo siyo hivyo tena. Haina wakati uliopo. Zamani kitenzi hicho kilikuwa na umbo la wakati uliopo lenye maana ya kuzoea kufanya jambo, na maandishi ya Kiingereza ya karne zilizopita yanalo, lakini umbo hilo lilitoweka na hili la wakati uliopita likabaki peke yake. Sikio haliwezi kukusaidia hapa, kwa kuwa katika matamshi "d" humezwa na "t" inayofuata, na ndiyo maana mtu mwenye usikivu mzuri kabisa anaweza kuandika "use to" kwa miaka mingi. Mgeni akisoma "We used to pick only the red cherries", ataelewa kwamba siku hizi mnachuma na za kijani, na kwa mtu anayejua kahawa huo ni ushuhuda mbaya dhidi ya kahawa yenu.

Kwa habari za babu zetu, "used to" ndiyo mahali pake: "Our grandparents used to carry the sacks down to Moshi on foot." Lakini haikubali idadi kamili wala muda uliopimwa. Huwezi kuandika "My grandfather used to carry coffee for ten years", wala "He used to go to Tanga three times". Ukishahesabu, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "He carried coffee for ten years", "He went to Tanga three times". Nadhani kanuni hii inaeleweka kirahisi ukiona kwamba "used to" inalitazama zoea kama kitu kisicho na mipaka ndani ya zamani, na idadi huleta mipaka.

Kuhusu "would": ndiyo, ni neno lile lile kwa umbo, lakini lina kazi zaidi ya moja, na kusimulia matendo yaliyorudiwa zamani ni mojawapo. Halitamfanya mgeni adhani kwamba mnasimulia jambo lisilotokea, mradi mmeshamweka katika zamani hiyo. Waandishi wengi wa Kiingereza hufungua kwa "used to" mara moja, kisha huendelea kwa "would" ili wasirudie: "Before there was a road, people used to carry the coffee on foot. They would leave before dawn, and they would rest by the river." Mkianza moja kwa moja na "They would leave before dawn" bila kutaja zamani, msomaji atangoja sehemu ya "kama" ambayo haitakuja. Halafu "would" ya namna hii ni ya matendo tu, si ya hali. "There would be a big tree here" haifai kueleza kwamba zamani palikuwa na mti, wala "My grandfather would own two cows" haifai kueleza mali yake. Kwa kuwepo, kumiliki, kupenda, kujua na kuishi mahali, bakini na "used to": "There used to be a big tree here."

Jambo lenu la tatu, lile lililoanza zamani na halijakoma, lina umbo lake pia. Kwa Kiswahili tunasema bila kosa "Tunalima kahawa tangu enzi za babu", kwa wakati uliopo. Ukilihamisha hivyo hivyo litakuwa "We are growing coffee since", nalo si sahihi. Kiingereza kinataka hali timilifu ili kuunganisha mwanzo na sasa: "Our families have grown coffee here for generations", au "have been growing" mkitaka kukazia mwendelezo. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933 na ipo mpaka leo, kwa hiyo mkitaka kuitaja, andikeni "Farmers in Kilimanjaro have sold coffee through the union since the 1930s." Mkiandika "sold" peke yake bila "have", mmeufunga mlango, na msomaji atadhani chama kimekufa.

Mpanda Mlima, Soweto, Moshi

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa maelezo. Mimi ni mwongozaji wa watalii mlimani na ningependa kuongeza kwa upande wa kazi yetu, kwa sababu kule juu jambo hili linahusu usalama pia.

Jioni kabla ya kupanda kileleni tunawakalisha wageni na kuwaeleza utaratibu. Yote tunayosema ni mazoea: tunaondoka karibu na saa sita ya usiku, tunatembea taratibu, tunasimama kwa muda mfupi ili mwili usipoe, anayeumwa kichwa anasema mara moja na hafichi. Mwongozaji akisema "We used to leave at midnight", mgeni mwenye akili timamu atauliza "Na leo je?", na kama ni mtu wa haya hatauliza, atalala akiwa na mashaka. Akisema "The weather used to change very fast", amemwambia mgeni kwamba hali hiyo imekwisha na makoti yanaweza kubaki kwenye begi. Kinachotakiwa ni "We leave", "We stop", "The weather changes". Nimewasikiliza waongozaji wazoefu wakitoa maelezo haya, na wale wanaoeleweka upesi ni wale wanaotumia sentensi fupi za namna hiyo, moja kwa kila jambo.

Kuna mahali ambapo "used to" ni ya lazima, na ni habari ya barafu. Eneo la barafu la Kilimanjaro limepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na wageni huuliza habari hiyo kila safari. Hapo tunasema "The ice used to cover much more of the summit", kwa sababu ni hali iliyokuwepo na haipo tena. Lakini hatusemi "It used to snow up here", maana theluji inaanguka mpaka leo katika kilele cha mita 5,895, na mgeni anaweza kuamka asubuhi akaikuta juu ya hema. Barafu imepungua, theluji ingali inaanguka. Sentensi mbili zinazofanana zinahitaji vitenzi viwili tofauti, na anayechanganya amepotosha habari ya mlima wenyewe.

Pia naomba waongozaji wenzangu waangalie namna wanavyojieleza kwa mgeni mpya. Ukisema "I guided on this mountain", unasikika kama mstaafu. Ukisema "I have guided on this mountain since 2012", mgeni anajua kwamba uliendelea na unaendelea. Hapa hesabu inaruhusiwa kabisa, kwa kuwa hali timilifu haigombani na idadi: "I have reached the summit many times", "I have reached it more than fifty times", zote ni sawa kama ni kweli.

Binti wa Sanawari, Arusha

Ninaheshimu maelezo ya Mwalimu, lakini kwa maoni yangu kikundi kama cha ndugu Mwenyeji kiiache kabisa "would". Wageni wengi wanaofika huku si wazawa wa Kiingereza. Wapo Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano, Wahispania na Wachina, na wao pia walifundishwa kwamba "would" ni ya masharti. Wakati uliopita wa kawaida pamoja na kielezi unatosha kwa kila kitu: "In those days people often walked to Moshi." Hakuna atakayeielewa vibaya, na mwenyeji mpya hatahitaji kukumbuka ni kitenzi gani cha tendo na ni kipi cha hali.

Nikitoka hapo, ningeitumia hata "used to" kwa uchache mno. Sentensi nyingi zinazoandikwa nayo zingekuwa salama zaidi zikiandikwa "walked", "carried", "sold", pamoja na mwaka au enzi inayotajwa.

Mwalimu wa Njiro, Arusha

Marahaba, ndugu Mpanda Mlima. Mfano wako wa barafu na theluji nitauchukua darasani.

Dada wa Sanawari, kuhusu "would" nakubaliana nawe kwa maelezo ya mdomo. Kwenye karatasi ningeiacha mahali pamoja au pawili, kwa sababu simulizi la zamani likiandikwa lote kwa "used to" huchosha, na likiandikwa lote kwa wakati uliopita wa kawaida hupoteza ladha ya kurudiarudia.

Kuhusu "used to" sikubali. "People walked to Moshi" inaweza kuwa siku moja au miaka hamsini, na haisemi kama bado wanatembea au la. "People used to walk to Moshi" inasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba ilikuwa desturi na kwamba imepita, na hayo ndiyo mawili ambayo mgeni wa kihamba anataka kuyajua. Wanaoitumia mahali pasipo pake ni wengi, lakini hilo si sababu ya kulinyima neno kazi yake. Itakuwa vizuri pia kujua kwamba maana ya "imepita" inaweza kuondolewa waziwazi, kama katika "My mother used to sell in this market, and she still does." Ni Kiingereza sahihi. Hata hivyo, lazima hiyo sehemu ya pili itamkwe, kwa sababu isipotamkwa msikilizaji atahitimisha kwamba mama ameacha.

Chukueni habari ya treni. Treni ya abiria ilisimama kwa miaka mingi, ikarejea hadi Moshi mwaka 2019 na hadi Arusha mwaka 2020. Katika miaka ile ya katikati, "Passenger trains used to come to Arusha" ilikuwa sentensi kamili na ya kweli. Baada ya safari kurejea, sentensi hiyo hiyo ikawa inahitaji nyongeza ili isipotoshe. Sarufi haikubadilika, ila jambo lenyewe lilibadilika.

Mfasiri wa Sakina, Arusha

Naona bado hatujamjibu yule mwenzao wa tatu aliyeandika "We are picking", na ningependa nimtetee kidogo kabla ya kumsahihisha, kwa sababu kuna mahali ambapo angekuwa sahihi.

Umbo la kuendelea hutumika kwa zoea la muda. Kama kawaida yenu ni kuchuma mara moja kwa wiki, lakini mwezi huu matunda yameiva kwa wingi na mnachuma mara mbili, basi "This month we are picking twice a week" ndiyo sentensi inayotakiwa. Msomaji ataelewa kwamba ni hali ya sasa na kwamba itapita. Kwa maana hiyo hiyo, mtu anayeandika kwenye bango la kudumu "We are growing coffee and bananas" hajakosea sarufi, ila ameuonyesha mgomba na mbuni kama mradi ulioanza juzi. Kwa kilimo kilichorithiwa kutoka kwa wazee, andikeni "We grow coffee and bananas."

Mahali ambapo kosa hili husikika zaidi hapa mjini ni katika kujitambulisha. "Ninatoka Moshi" kwa Kiswahili inaweza kuwa asili yangu, na inaweza kuwa ndio kwanza nashuka kwenye basi. Kwa Kiingereza asili ni "I come from Moshi", na safari ya leo ni "I am coming from Moshi". Mwenyeji anayewaambia wageni "I am coming from this village" wakiwa wamesimama naye katikati ya kijiji hicho hicho anawaacha wakijiuliza amekwenda wapi tena.

Kuna tumizi moja ambalo vitabu vya shule hulipitia haraka, nalo ni umbo la kuendelea pamoja na "always". "He always asks about the price" ni taarifa tu kwamba huuliza bei kila mara. "He is always asking about the price" inaongeza hisia za msemaji, kwamba jambo limezidi na pengine limemchosha, ingawa linaweza pia kusemwa kwa upendo juu ya mtoto au rafiki. Kwa hiyo msiandike kwenye maelezo yenu "Our visitors are always asking how long the roasting takes", hata kama nia yenu ni njema, kwa sababu inaweza kusomeka kama malalamiko. "Our visitors often ask" haina ubaya wowote.

Kitu cha mwisho ni "be used to", ambayo imekaa karibu mno na "used to" na haina uhusiano nayo wa maana. "We are used to carrying heavy baskets" maana yake tumezoea, hatushtuki tena. Kitenzi kinachofuata kina "ing". "We used to carry heavy baskets" maana yake tulikuwa tukibeba, siku hizi hatubebi. Waombaji wa kazi katika hoteli na kampuni za utalii wanaotaka kusema kwamba wamezoea kuhudumia wageni huandika "I used to serve guests", na mwajiri anasoma kwamba wameacha kazi hiyo.

Mwenyeji wa Materuni, Moshi Vijijini

Nawashukuru nyote. Tumekaa jana jioni na mzee wetu, tukaandika upya, na nimeweka hapa sentensi ambazo tunaona zimekaa sawa, pamoja na mbili ambazo bado zina mashaka.

Kwa mambo ya sasa tumeandika: "We pick only the red cherries. They do not ripen all at once, so each tree is picked several times in one season. We remove the skin, wash the beans, dry them in the sun, and pound them in a wooden mortar." Kwa mambo yaliyokoma: "Before there was a road, our grandparents used to carry the sacks down to Moshi on foot. They would leave before dawn." Hiyo "would" tumeiacha mara moja tu, kwa kuwazingatia wote wawili, Mwalimu na dada wa Sanawari. Kwa jambo linaloendelea: "Our families have grown coffee here for generations."

Sentensi ya kwanza yenye mashaka ni hii: "We didn't used to roast coffee for visitors." Tunataka kusema kwamba zamani hatukuwa tukifanya hivyo, na sasa tunafanya.

Ya pili inahusu mfongo: "Each clan used to look after its own furrow." Wenzangu wameipenda, lakini baada ya kusoma habari ya treni nimeanza kuisitasitia.

Mwalimu wa Njiro, Arusha

Ya kwanza inahitaji herufi moja iondoke: "We didn't use to roast coffee for visitors." "Did" imekwisha kubeba wakati uliopita, hivyo kitenzi kinarudi kwenye shina lake, kama vile tunavyoandika "didn't go" na si "didn't went". Hali kadhalika katika swali: "Did you use to carry it on foot?" Mtakutana na "didn't used to" hata katika maandishi ya wazawa, kwa sababu ile ile ya matamshi niliyoitaja, lakini katika maandishi rasmi msiifuate.

Ya pili siwezi kuisahihisha nikiwa Njiro. Kisarufi haina kasoro. Lakini inamwambia mgeni kwamba ukoo hauutunzi mfongo tena. Je, ndivyo ilivyo? Kama kazi hiyo imehamia kwa kamati ya kijiji au imeachwa, sentensi ibaki. Kama ukoo bado unatoka kwenda kuzibua matope, andikeni "Each clan looks after its own furrow." Na kama koo nyingine zinatunza na nyingine zimeacha, mtahitaji sentensi mbili.

Mwenyeji wa Materuni, Moshi Vijijini

Nimemuuliza mzee. Mfongo wa upande wetu bado unasafishwa na ukoo kila mwaka kabla ya kiangazi, na yeye mwenyewe hutoka na jembe. Mfongo wa upande wa pili umekauka na haujasafishwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo tumeandika: "Our clan still cleans this furrow every year. The furrow across the valley used to bring water too, but it is dry now."